Mbwa wangu ana miaka 13 na figo zimechoka. Nyie mlijuaje kwamba sasa basi?

Mama Vibua, Mabwepande (Jumapili usiku)

Ndugu zangu, habari za usiku. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana hapa nyumbani nikianza kulizungumza jambo hili kila mtu anapata kazi ya kufanya nje.

Nina mbwa, anaitwa Bobi. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio la kushoto halina ncha. Wanaokumbuka mafuriko ya Desemba 2011 watajua alikotoka. Tulikuwa tunakaa bondeni, Jangwani. Maji yalipopungua mwanangu, wakati ule ana miaka 9, alifunua godoro lililolowa, tukamkuta mtoto wa mbwa chini yake amejikunja, macho yamejaa tope. Mama yake hatukumwona. Serikali ilipotuhamishia Mabwepande mwanzoni mwa 2012 na kutuweka kwenye mahema, Bobi alikuja ndani ya kapu la samaki. Ndiyo maana umri wake naujua vizuri: miaka 13 na miezi.

Kazi yangu ni samaki. Nanunua mnadani Feri, narudi kukaanga, jioni nauza Bunju. Ili niwahi mnada lazima nitoke ndani saa tisa na nusu usiku. Miaka ile huku kwetu ni pori, taa hakuna, na kutoka nyumbani hadi linapopatikana gari ni dakika 25 kwa mguu. Bobi hakufundishwa na mtu. Alipofika umri wa kama mwaka mmoja alianza kunifuata, mimi nikimfukuza arudi, naye anakaa chini, nikigeuka anakuja tena. Mwisho nikamwachia. Tukawa tunakwenda wote mpaka kituoni, anakaa pembeni ya barabara hadi gari liondoke, ndipo anarudi zake nyumbani. Makondakta walimzoea. Kuna alfajiri moja ya mwaka 2016 vijana wawili walitoka kwenye mikorosho wakanisimamia mbele. Sikupiga hata kelele, sauti ilinikatalia. Bobi hakubweka. Alikuja akasimama katikati yangu na wao, nywele za mgongo zimesimama, akanguruma kwa chini, na wale vijana wakarudi walikotoka. Samaki wa siku ile niliwanunua mikono ikitetemeka, lakini niliwanunua, na ada ya mtoto ikalipwa.

Septemba iliyopita nikaona anakunywa maji kupita kawaida. Beseni lake la lita mbili, ambalo zamani lilikuwa linalala na maji, nikawa nalijaza mara mbili kwa siku. Akawa anakojoa palepale alipolala. Mgongo ukatoka mifupa. Nikasema ni uzee. Kisha nyonga zikaanza kumsumbua, akiinuka mbele kunasimama, nyuma kunabaki chini. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo linanila mpaka leo. Niliingia duka moja la dawa za watu, nikaeleza, nikapewa vidonge vya maumivu, diklofenaki, nikampa siku mbili ndani ya ugali. Siku ya tatu alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Daktari wa mifugo akaja, akatoa damu ikapimwa, akaniambia figo zimechoka na haziwezi kurudi zilivyokuwa. Alimtundikia maji chini ya ngozi ya mgongoni, pakavimba kinundu kama mfuko, kikawa kinashuka taratibu upande wa bega. Baada ya hapo tulipata wakati mzuri. Desemba yote alikuwa anatembea mpaka kwenye mpapai na kurudi.

Sasa ni Machi na hali imegeuka. Ninavyoandika hapa amelala kwenye gunia karibu na jiko. Mdomo unanuka mkojo uliokaa. Leo amekula vipande vitatu vya kibua nilivyomchambulia miiba, tena kutoka kiganjani tu, kwenye sahani hagusi. Jana hakula kitu. Juzi alikula. Usiku akihema na kugeuka geuka kutafuta upande wa kulalia, naapa kwamba kukikucha nampigia daktari aje amchome sindano ya kumpumzisha milele. Kukikucha ananitazama, mkia unapiga sakafu mara mbili, najiona muuaji.

Kinachoniumiza zaidi ni kufuli. Saa tisa na nusu nikifungua kufuli la geti, mnyororo ukilia tu, anaanza kuinuka. Nyuma kunateleza, kucha zinakwaruza saruji, anaanguka, anaanza upya. Nimemtandikia magunia asiteleze. Wiki iliyopita alijiburuta nyuma yangu mpaka kwenye mpapai, akaanguka hapo, akabaki anaitazama njia. Gari la kwanza lilinipita.

Mwanangu, yule yule aliyefunua godoro, sasa ana miaka 23. Anasema, "Mama, mwache daktari aje." Jirani ananishauri nimpakie kwenye bajaji nikamwache msituni Pande. Hilo silifanyi hata nikifungwa. Namna ya kufanya daktari ameshanieleza. Mimi nauliza lini. Nyie mliopita hapa, mlijuaje?

Kijana wa Segerea (Jumapili usiku)

Shikamoo mama. Pole sana, na pole kwa Bobi.

Nakuandikia kwa sababu mimi nilichelewa. Mbwa wangu aliitwa Rambo, miaka 11. Alikuwa na uvimbe tumboni, kwenye wengu. Jumatano daktari aliniambia huu uvimbe unaweza kupasuka wakati wowote, tumpumzishe. Nikamwambia tusubiri Jumapili, dada yangu anakuja kutoka Mwanza na yeye ndiye aliyemlea. Daktari akanitazama tu.

Jumamosi saa nne usiku Rambo akalala ubavu, ukimfunua mdomo fizi nyeupe kama karatasi. Nilipiga simu kwa madaktari watatu. Mmoja alipokea, yuko mbali, mvua inanyesha, barabara ya kwetu imejaa maji. Nilikaa naye kwenye korido kichwa chake kikiwa mapajani mwangu hadi saa kumi na moja alfajiri. Mama, ni saa saba zile. Alikuwa anataka kuinuka, hawezi, halafu ananitazama kama anayeniuliza.

Baadaye nilikaa nikahesabu. Siku zile nne nilizoomba zote zilikuwa za dada. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Rambo. Wewe kila siku unayoiongeza jiulize ni ya nani. Kama ni ya Bobi, mpe. Kama ni yako, ujue kabisa kwamba ni yako.

Mzee wa Kigamboni (Jumatatu asubuhi)

Bibie, nina miaka 71. Nimefuga mbwa tangu utoto, kule Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na tangu nimehamia Kigamboni nimezika watatu. Sijamchoma hata mmoja sindano. Mnyama anajua siku yake. Wa mwisho, Taiga, alinyanyuka mwenyewe siku moja asubuhi akaenda chini ya mkorosho, akakataa chakula, akakataa maji, siku ya pili jioni akawa ametulia. Nilikuwa nampepea nzi kwa tawi. Hakuna aliyemharakisha.

Roho hatukuitoa sisi. Simlaumu anayefanya vingine, lakini naona siku hizi tunaogopa kumwona mnyama akifa, basi tunaita hofu yetu huruma. Mwache Bobi achague mwenyewe. Mpe kivuli, maji, na uwepo wako.

Daktari wa wanyama, Mbezi (Jumatatu mchana)

Mama, pole. Mzee wangu wa Kigamboni, shikamoo. Nilisomea SUA Morogoro na natibu wanyama hapa Dar kwa mwaka wa 14 sasa, kwa hiyo nimewaona wa namna zote mbili.

Mzee, Taiga wako alikwenda kwa siku mbili, na ulikaa naye ukimpepea. Huo ulikuwa mwisho mwema, siupingi. Lakini kifo cha figo si cha siku mbili. Figo zikishindwa, uchafu ambao ungetoka na mkojo unabaki kwenye damu. Mbwa anasikia kichefuchefu mchana na usiku, mdomoni na tumboni vinatoka vidonda, na ile harufu aliyoitaja mama ndiyo uchafu wenyewe. Anaweza kukaa hivyo wiki nyingi. Mbwa wa namna hii hapati nguvu ya kwenda chini ya mkorosho hata akitaka.

Mama, nianze na diklofenaki kwa sababu naona umeibeba. Ilimwumiza, sitakuficha. Dawa za maumivu za watu, diklofenaki na ibuprofeni hasa, zinachoma tumbo la mbwa na kubana damu inayokwenda kwenye figo. Anayesoma hapa asimpe mbwa wake. Lakini ile kiu ya Septemba ilitangulia vidonge. Mbwa huanza kunywa na kukojoa kiasi kile pale ambapo takribani theluthi mbili za uwezo wa figo zimeshakwisha. Ulipoingia dukani, figo za Bobi zilikuwa zimeshaondoka kwa miezi au miaka. Vidonge viliongeza, havikuanzisha.

Kuhusu kula kiganjani na kukataa sahani: mara nyingi hiyo ni dalili ya kichefuchefu. Njaa haipo, anakula kwa kubembelezwa. Na mkia kupiga sakafu hakumaanishi haumwi. Mbwa anaweza kuwa na maumivu makali na bado akafurahi kukuona, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtazame wakati hakuoni: anahema bila kufanya kazi yoyote? Anashindwa kulala upande mmoja? Anaramba midomo na kumeza mate ovyo? Kule kugeuka geuka usiku unakokusema, mama, ndiyo lugha yake ya maumivu.

Umeuliza lini. Yuko daktari mmoja wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetengeneza kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia. Mambo saba, kila moja unalipa alama 0 hadi 10: maumivu na kupumua, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na la mwisho, je, siku njema zinazidi mbaya? Alama ya juu ni kwa hali nzuri. Jumla ni 70. Ikizidi 35 bado una nafasi ya kumtunza. Ikishuka chini ya hapo na kubaki chini, mnapaswa kuzungumza. Alama hazitakuamulia, zinakuzuia tu kusahau ya jana. Andika kila siku, jaza usiku, si asubuhi tu, na mwanao ajaze ya kwake bila kuiona yako.

Halafu kuna jambo la masika. Ngozi inayokaa kwenye mkojo hulainika na kutoka vidonda, nzi wanataga humo, na mayai hayapiti siku moja kabla ya kuwa mabuu. Mvua zikishika, mfunue mapaja na chini ya mkia asubuhi na jioni.

Siku ikifika: daktari anaanza na sindano ya usingizi kwenye msuli, dakika kumi hivi mbwa analala fofofo. Ndipo inafuata ya pili kwenye mshipa, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno, pumzi na moyo vinasimama ndani ya dakika chache. Macho yatabaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya kufa, na mkojo ukatoka, msishtuke, hayupo tena. Shimo liwe refu, mita moja na zaidi, na mawe juu, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini na mbwa au kunguru akimfukua anaweza kufa naye. Mwite daktari aliyesajiliwa. Na sumu ya panya asiishike mtu mkononi, hata kwa nia njema. Ile inaua kwa siku kadhaa za kuvuja damu ndani.

Ya chakula: kama ulikuwa umemkataza vichwa vya samaki, mrudishie. Mwanzoni tunakataza kwa sababu mifupa inachosha figo. Alipofika sasa, ale anachokitaka.

Abuu, Magomeni (Jumatatu jioni)

Mama, mimi ni Mwislamu. Sisi mate ya mbwa yakigusa chombo tunakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa sikufuga. Lakini darasani tulisomeshwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakibana kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba wakauliza, hata kwa wanyama tuna ujira? Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba kwa kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira.

Wewe umejaza beseni mara mbili kwa siku tangu Septemba. Huyo jirani anayekuambia ukamwache msituni mwambie kwamba mbwa mwenye kiu ya namna hiyo, asiyeweza kusimama, atakufa akitafuta maji. Mengine yote mimi sina la kuongeza, ila nimekuombea.

Mama Vibua, Mabwepande (Jumamosi usiku)

Ndugu zangu, marahaba kwa walionisalimu. Mzee wangu wa Kigamboni, shikamoo, maneno yako niliyaweka moyoni na nilitamani sana yawe ya Bobi.

Nilifanya alivyosema daktari. Nilichukua daftari la madeni, lile la wateja wanaokula kwa mkopo, nikafungua ukurasa wa nyuma. Jumatatu usiku nilimpa Bobi 38. Nikafurahi, nikamwambia mwanangu, unaona? Akanipa karatasi yake. Alikuwa amempa 21.

Tuligombana kidogo. Mimi furaha nimempa 8, yeye 3. Mimi nimeuhesabu ule mkia, yeye amehesabu usiku, kwa sababu nikishaondoka saa tisa na nusu yeye ndiye anayebaki naye. Kumbe kila siku nikitoka, Bobi analia. Halii kwa sauti, mwanangu anasema ni kama mlango unaosuguliwa na upepo, unakoma, unaanza, mpaka kunapambazuka. Miezi yote hii hakuniambia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ungeacha kwenda Feri, tungekula nini?"

Jumanne daktari wetu alikuja akamwekea maji tena chini ya ngozi. Safari ile ya kwanza alinyanyuka siku iliyofuata. Safari hii alikojoa tu, akalala. Jumatano nikampa 30, mwanangu 19. Alhamisi tukakaribiana.

Sasa niwaambie la Ijumaa. Nilikuwa sitaki ahangaike tena kuinuka, basi Alhamisi usiku nililipaka kufuli mafuta ya kukaangia na mnyororo nikauzungushia kitambaa. Saa tisa na nusu nikafungua, kimya. Bobi hakuamka. Nikapita pembeni yake kwa vidole, viatu mkononi, nikatoka. Njia nzima nilijisifu kwamba nimempumzisha.

Mvua ilinikuta Tegeta. Niliporudi saa nne asubuhi mwanangu alikuwa amekaa kizingitini na Bobi amefunikwa shuka. Ilivyokuwa, aliamka baada ya mimi kutoka, akanitafuta jikoni, akanitafuta chumbani, kisha akajiburuta mpaka getini kwenye mvua na kulala pale, pua kwenye upenyo wa chini. Mwanangu alikuwa usingizini, mvua juu ya bati humsikii mtu. Alimkuta kumepambazuka. Viwiko vimechubuka hadi nyama. Na nilipomfunua mkia, daktari, yale uliyonionya yalikuwa yameanza, vimayai vyeupe vimeshikana kwenye manyoya kama chembe za mchele.

Nilivitoa kimoja kimoja kwa kitana na maji ya chumvi. Alivumilia, alikuwa anaramba kifundo cha mkono wangu. Nikiwa katika kazi ile ndipo nilipolijua jibu la swali langu. Nimeanza kumtoroka mbwa ambaye miaka 12 hakuniacha nitembee peke yangu. Nilinawa, nikapiga simu. Nikamwambia daktari kesho, akasema atakuja saa moja asubuhi.

Usiku ule sikulala na Feri sikwenda. Saa tisa na nusu nilikaa naye chini, taa nimeizima. Aliamka saa ile ile bila kufuli kulia, akainua kichwa akanitazama, akaona sijavaa viatu, akakirudisha kichwa chini. Nilitaka tumpeleke kituoni kwa toroli akaone gari linavyokuja. Mwanangu akasema, "Mama, toroli litamtikisa nyonga." Nikaacha.

Nilimchambulia kibua, akakinusa akageuza uso. Chumvi iliyobaki kiganjani aliiramba.

Daktari alikuja kwa bodaboda, mkoba mgongoni. Alimchoma ya kwanza pajani, Bobi akashtuka kidogo, nikamwambia ni mimi, nipo. Akalegea polepole. Miezi mingi sijamwona amelala vile, miguu yote imenyooka. Ya pili ilisumbua, mshipa ulikuwa umezama kwa sababu ya kukauka maji. Daktari alinyoa manyoya kidogo mguu wa mbele kwa wembe, akajaribu, haikuingia, akahamia mguu mwingine. Niliogopa atasikia. Daktari akasema, "Yuko mbali, mama, hasikii." Mkono wangu ulikuwa kwenye mbavu zake. Nilikuwa nahesabu, na nilipofika sijui ngapi nikagundua nahesabu mapigo yangu mwenyewe ya kidole gumba.

Macho nilijaribu kuyafunga, yakafunguka. Ingekuwa sikuambiwa ningepiga kelele.

Shimo alichimba mwanangu chini ya mpapai. Juu kichanga, chini udongo mgumu, akawa hawezi. Yule jirani wa msitu wa Pande akaja na sururu yake, hakusema neno, akashuka shimoni, wakapokezana mpaka likamfika mwanangu kifuani. Tulimviringisha kwenye kanga yangu ya bluu, ile niliyokuja nayo kutoka Jangwani. Mawe tukapanga juu.

Kijana wa Segerea, nilijiuliza swali lako. Desemba ilikuwa yake. Januari ilikuwa yake. Wiki mbili hizi za mwisho zilikuwa zangu, nimemwomba radhi nikiwa namfunika.

Mama Vibua, Mabwepande (Jumanne jioni)

Mmeniuliza naendeleaje, asanteni. Jana nimerudi Feri. Bahari imechafuka na vibua vimepanda bei. Pale kituoni kondakta wa gari la kwanza akaniuliza, "Mama, mlinzi leo kachelewa?" Nikamwambia. Hakujibu kitu. Alikwenda mbele, akamsemesha dereva sikioni, redio ikazimwa, tukaenda hivyo hadi Tegeta.